Wanaridhika na nini hasa? Jinsi ya kusoma takwimu za saa za kliniki za madaktari wa familia England

Mwaka 2021, asilimia 67 ya wagonjwa waliojibu dodoso la taifa kuhusu madaktari wa familia England walisema wanaridhika na saa za miadi wanazoweza kupata. Mwaka uliofuata walibaki asilimia 55, na 2023 wakateremka hadi 53. Lakini ukiufungua mkataba wa huduma ya afya ya taifa unaozibana kliniki hizo, saa za msingi za 2021 ndizo zile zile za 2022: Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 na nusu jioni, isipokuwa sikukuu za serikali. Watu waliacha kuridhika na kitu ambacho, kwenye karatasi, hakikuguswa.

Ndipo penye fundo. Mgonjwa akiulizwa kuhusu saa za kliniki, mara nyingi hujibu kuhusu jambo jingine: kama simu ilipokewa, kama nafasi aliyopewa iliangukia wakati anaoweza kuondoka kazini, na kama alijua kwamba kuna nafasi za jioni. Mwenye kuendesha kliniki asipolitambua hilo, atarefusha saa za kazi, atachosha watumishi, na mwakani atapata alama zile zile.

Yanayofuata yanahusu England peke yake. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina mikataba na madodoso yao.

Saa zipi?

Ukisema kliniki "iko wazi" unaweza kumaanisha mambo kadhaa. Kuna saa za mkataba, ambazo ni saa kumi na nusu kwa siku, yaani saa 52 na nusu kwa wiki. Kuna saa ambazo mlango hauna kufuli na pale mapokezi yupo mtu. Kuna saa ambazo laini ya simu inapokewa. Na kuna saa ambazo daktari au muuguzi amekaa chumbani anaona wagonjwa. Hizi za mwisho ndizo mgonjwa anazozitaka, nazo ndizo fupi kuliko zote.

Ufupi huo una sababu. Kazi ya daktari wa familia hupangwa kwa vipindi, na kwa daktari wa kuajiriwa kipindi kimoja ni saa 4 na dakika 10. Ajira kamili ni vipindi tisa kwa wiki, sawa na saa 37 na nusu. Maana yake hakuna daktari mmoja anayeweza kuzijaza saa 52 na nusu za mkataba, hata kama asingekuwa na kazi nyingine. Tena anayo. Ndani ya kila kipindi mna majibu ya maabara ya kusoma, dawa za kuandikia upya wagonjwa, barua za hospitali, na ziara za nyumbani kwa wasioweza kutembea. Ziara hizo na makaratasi hayo kwa kawaida huwekwa mchana, kati ya kliniki ya asubuhi na ile ya alasiri. Ndiyo maana mfanyakazi anayetaka kutumia mapumziko yake ya chakula kumwona daktari anakuta jengo liko wazi, taa zinawaka, na miadi hakuna.

Mkataba nao haudai mlango uwe wazi kila dakika ya saa za msingi. Unaitaka kliniki itoe huduma, ndani ya saa hizo, katika nyakati zinazokidhi mahitaji ya msingi ya wagonjwa wake. Maneno hayo yana nafasi ya kutosha kupitisha gari. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilipochunguza jambo hili na kutoa ripoti mwaka 2017, ilikuta asilimia 46 ya kliniki zilikuwa zikifunga wakati fulani ndani ya saa za msingi. Asilimia 18 zilifunga saa 9 alasiri au kabla ya hapo angalau siku moja ya kazi kwa wiki. Na takriban robo tatu ya hizo zilizofunga mapema alasiri zilikuwa zikilipwa fedha za ziada ili zihudumie watu nje ya saa za kawaida. Kliniki inafunga Jumatano alasiri bila kuulizwa, kisha inalipwa kwa kufungua Jumatano usiku. Kuanzia Oktoba 2017 masharti yalikazwa: kliniki yenye desturi ya kufunga nusu siku kila wiki haikustahili tena, kwa kawaida, malipo hayo.

Saa za usiku zilivyotoka mikononi mwa kliniki

Bila mwaka 2004 mjadala huu haueleweki. Kabla ya hapo daktari wa familia aliwajibika kwa wagonjwa wake saa 24, hata kama kwa vitendo alizipangia zamu au alimlipa mtu mwingine azishike. Mkataba mpya wa 2004 uliziruhusu kliniki kujitoa katika kazi ya usiku, wikiendi na sikukuu, kwa kuacha wastani wa pauni 6,000 kwa mwaka kwa kila daktari. Wengi sana walijitoa. Tangu hapo, kuanzia saa 12 na nusu jioni hadi saa 2 asubuhi, mgonjwa hushughulikiwa na huduma nyingine, na siku hizi hupiga namba 111.

Wagonjwa wengi hawakuuona mpaka huo mpaka walipouhitaji. Wanasiasa waliuona haraka. Mwaka 2007 serikali ilituma dodoso kubwa la taifa, na watu zaidi ya milioni 2 wakajibu. Asilimia 84 walisema wanaridhika na saa za kufungua. Chama cha madaktari kikasoma: hakuna tatizo. Serikali ikasoma: mmoja kati ya sita hajaridhika, na huyo ni mpiga kura anayefanya kazi. Mwaka 2008 ukaja utaratibu wa saa za nyongeza, kwa kipimo cha dakika 30 kwa wiki kwa kila wagonjwa 1,000. Kliniki ya watu 6,000 ilitakiwa kuongeza saa 3 kwa wiki ili ipate malipo hayo.

Kila upande ulikuwa na hoja, lakini pande zote mbili zilibishana juu ya wastani. Wastani unakwambia wangapi, haukwambii nani. Swali hili limejengwa juu ya "nani".

Asiyeridhika ni nani, na anataka nini

Jibu zuri lilipatikana kutoka dodoso la 2014, watafiti walipochambua majibu ya watu zaidi ya 880,000. Takriban asilimia 81 hawakusema kwamba saa za kliniki yao zinawapa taabu. Katika wale waliosema zinawapa taabu, asilimia 74 walisema kufungua Jumamosi kungewasaidia, na asilimia 36 walisema Jumapili. Inaonekana kama Jumapili nayo ina wateja wa kutosha. Lakini watafiti waliuliza swali la pili lenye akili zaidi: wangapi wangesaidiwa na Jumapili ila si na Jumamosi? Asilimia 2 tu. Yaani ukishafungua Jumamosi, Jumapili inaongeza watu wachache mno.

Matumizi halisi yalisema vivyo hivyo. Oktoba 2013 Waziri Mkuu David Cameron alitangaza mfuko wa pauni milioni 50 wa kujaribu saa ndefu zaidi, wikiendi nzima ikiwemo. Tathmini ya awamu ya kwanza, iliyotoka 2015, ilikuta nafasi za Jumapili zikitumika kwa kiasi kidogo sana, huku jioni za siku za kazi na Jumamosi asubuhi zikipata watu. Utafiti wa Greater Manchester uliotoka 2016 ulileta habari ya kutia moyo: katika kliniki zilizoongeza saa, watu waliojipeleka wenyewe idara ya dharura kwa matatizo madogo walipungua kwa asilimia 26. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba akiba iliyopatikana hospitalini haikufikia gharama ya kuongeza saa hizo. Msomaji anayeinukuu nusu ya kwanza na kuiacha ya pili anapotosha, nami nimeona ikinukuliwa hivyo mara nyingi.

Wenye taabu na saa ni wa aina inayotabirika: vijana, walioajiriwa muda wote, wasioweza kutoka kazini bila kukatwa au kuomba ruhusa. Wazee na wastaafu, ambao ndio wenye kuonana na daktari mara nyingi zaidi, huridhika zaidi. Hapa pana mtego kwa anayelinganisha kliniki mbili. Kliniki iliyo jirani na chuo kikuu na kliniki ya mji wa wastaafu zinaweza kufungua saa zile zile, kuwa na madaktari idadi ile ile, na ya kwanza ikapata alama ya chini mwaka hadi mwaka. Haikukosea kitu. Ina wagonjwa tofauti.

Dodoso lenyewe

Dodoso hutumwa mwanzoni mwa mwaka kwa watu wa miaka 16 na zaidi waliosajiliwa na kliniki, na matokeo hutoka katikati ya mwaka. Mwaka 2023 walijibu watu wapatao 759,000, chini kidogo ya asilimia 29 ya waliotumiwa. Kwa nchi nzima idadi hiyo ni kubwa mno kutilia shaka. Kwa kliniki moja mambo ni mengine. Tuseme kliniki imepata majibu 100 na asilimia 55 wameridhika. Kwa hesabu ya kawaida ya sampuli, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 45 na 65 hivi. Meneja anayefurahia kupanda kutoka 52 hadi 57, au anayeitwa kujieleza kwa kushuka kutoka 58 hadi 53, anaongozwa na bahati nasibu.

Kisha kuna maneno ya swali. Hadi 2017 watu waliulizwa wanaridhika kiasi gani na saa ambazo kliniki yao iko wazi, na takriban robo tatu walisema wanaridhika. Mwaka 2018 swali likabadilishwa: unaridhika kiasi gani na saa za miadi unazoweza kupata? Jibu likawa asilimia 66. Ukichora mstari mmoja kuanzia 2017 hadi 2018 utaona anguko la karibu pointi 10 ambalo halikutokea. Lilibadilika swali. Kwa maoni yangu swali jipya ni bora, kwa sababu linauliza kile mgonjwa anachokijua, nacho ni miadi, badala ya kufuli la mlango. Ila ubora huo una gharama: namba za zamani hazilinganishwi na mpya. Dodoso likafanyiwa marekebisho makubwa tena 2024, likaanza kwa njia ya mtandao kwanza, na hapo mfululizo ukakatika mara ya pili.

Jambo dogo linalosahaulika: swali la zamani lilikuwa na chaguo la "sina hakika kliniki yangu hufunguliwa lini", na la 2018 likawa na chaguo linalofanana nalo kuhusu miadi. Wachukue watu 100 wa kufikirika. Waliosema wameridhika ni 54, wasioridhika au wasio na upande 36, na wasio na hakika 10. Ukiwahesabu wote, kuridhika ni asilimia 54. Ukiwaondoa wasio na hakika, 54 kati ya 90 ni asilimia 60. Hakuna mtu aliyebadili mawazo, na pointi 6 zimepatikana. Kabla ya kulinganisha jedwali moja na jingine, angalia wamegawanya kwa wangapi. Tena, "walioridhika" ni jumla ya makundi mawili, walioridhika sana na walioridhika kiasi. Kundi la pili likivimba huku la kwanza likipungua, jumla haitikisiki hata kidogo, na wewe hutajua.

Turudi kwenye anguko la 2022. Dodoso la 2021 lilijazwa wakati wa korona, watu wengi wakiwa nyumbani, wengi wakiahirisha shida zao. La 2022 lilijazwa baada ya shida hizo kurudi kwa pamoja kwenye laini za simu. Kliniki nyingi hutoa nafasi za siku hiyo saa 2 kamili asubuhi. Watu wote wanapiga dakika hiyo hiyo, na kufika saa 2 na nusu nafasi zimekwisha. Mtu anayeanza kazi saa 2, au anayepeleka watoto shule, ameshindwa kabla mchezo haujaanza. Akiulizwa kama anaridhika na saa za miadi, atasema hapana, na atakuwa mkweli. Lakini kumfungulia kliniki hadi saa 2 usiku hakutamsaidia kama nafasi za jioni nazo zinagawiwa kwa simu ya saa 2 asubuhi.

Hesabu ya saa za nyongeza za sasa

Tangu Oktoba 2022 saa za nyongeza hutolewa na mitandao ya kliniki, yaani makundi ya kliniki jirani zinazoshirikiana, iliyoundwa Julai 2019, ambayo kwa kawaida kila mmoja unahudumia watu kati ya 30,000 na 50,000. Kipimo ni dakika 60 kwa wiki kwa kila watu 1,000, idadi ikiwa imerekebishwa kulingana na mahitaji yao. Muda uliowekwa ni saa 12 na nusu jioni hadi saa 2 usiku siku za kazi, na saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni Jumamosi.

Piga hesabu ya mtandao wa watu 40,000. Unadaiwa saa 40 kwa wiki. Muda uliowekwa ni saa 7 na nusu za jioni jumlisha saa 8 za Jumamosi, yaani saa 15 na nusu. Kwa hiyo wanahitajika watumishi wawili au watatu kwa wakati mmoja. Kwa miadi ya dakika 15, saa 40 ni nafasi 160 kwa wiki, sawa na nafasi moja kwa kila watu 250. Na si lazima awe daktari: anaweza kuwa muuguzi, mfamasia au mtaalamu wa viungo. Tena inaweza kuwa katika kliniki nyingine ya mtandao, si ile mgonjwa aliyoizoea. Mgonjwa anayesikia "sasa tunafungua Jumamosi" kisha akaelekezwa mtaa wa pili kwenda kumwona mfamasia huona amedanganywa, ingawa kila kilichoahidiwa kwenye karatasi kimetimizwa.

Isitoshe, saa za jioni hutoka wapi? Kama daktari hakuongezwa, kipindi cha Jumatatu jioni ni kipindi kilichoondolewa Jumatatu asubuhi au Alhamisi. Jumatatu ndiyo siku simu huwa nyingi kuliko zote. Kliniki ikihamisha kipindi kutoka hapo, mfanyakazi mmoja atafurahi na wazee watatu watakosa nafasi. Alama ya jumla inaweza kushuka kwa sababu ya kuongeza saa.

Kwa kliniki inayotaka kujua ukweli wake

Anza na simu kabla ya kutunga dodoso lolote. Mfumo wa kisasa wa simu hutoa idadi ya simu kwa kila nusu saa, muda wa kusubiri, na waliokata kabla ya kupokewa. Chukua wiki nne zisizo na sikukuu. Kama waliokata wamerundikana kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, tatizo lako ni ugawaji wa nafasi. Dawa yake ni kutoa sehemu ya nafasi mapema, siku kadhaa kabla na kwa njia ya mtandao, kuweka huduma ya kupigiwa tena bila kupoteza zamu, na kuongeza watu wa kupokea simu saa hiyo moja. Zile simu zinazoingia baada ya saa 12 na nusu jioni na kukutana na ujumbe uliorekodiwa ndizo ushahidi wa kutaka saa za jioni.

Kisha uliza maswali yaliyotenganishwa. Je, unajua kliniki hufunguliwa lini? Je, unajua kuna miadi ya jioni na Jumamosi? Mara ya mwisho ulipotafuta miadi, ulitafuta lini na kwa njia gani? Uliyopewa ilikufaa kwa siku, kwa saa, kwa mahali, au kwa mtaalamu? Kama haikufaa, ipi ingekufaa: kabla ya saa 2 asubuhi, mchana, jioni, Jumamosi? Na kama Jumamosi ipo, bado ungetaka Jumapili? Swali hilo la mwisho ndilo linalokuokoa na gharama isiyo na faida. Andika pia umri na kama mtu ameajiriwa muda wote, la sivyo utarudi kule kule kwenye wastani.

Kosa la kawaida ni kulikabidhi dodoso hilo kwa walioketi ukumbini. Hao ni watu waliofanikiwa kupata miadi. Aliyeshindwa hayupo pale kulijaza. Litume kwa ujumbe wa simu kwa sampuli ya waliosajiliwa wote, wakiwemo ambao hawajafika kwa mwaka mzima.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 kliniki zinatakiwa kuacha fomu ya maombi ya mtandaoni wazi saa zote za msingi kwa mambo yasiyo ya haraka. Hapo awali nyingi ziliifunga ikishajaa, wakati mwingine asubuhi tu. Kwa mfanyakazi, badiliko hili linaweza kuwa na uzito kuliko Jumapili yoyote, kwa kuwa anaomba saa 7 mchana akiwa kazini bila kungoja kwenye laini. Lakini fomu ni mlango wa kuombea. Maombi 80 yakiingia na nafasi ni 50, mtu mwenye ujuzi lazima ayachambue na kuyapanga siku hiyo hiyo, na muda wake hutoka katika kipindi cha kuona wagonjwa.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kufanya mambo machache. Asipige saa 2 asubuhi kwa jambo lisilo la haraka. Aulize waziwazi: "Mna nafasi za jioni au Jumamosi kupitia mtandao wenu wa kliniki, na ni katika kliniki gani?" Wapokeaji wengi hawazitaji mpaka waulizwe. Tangu mkataba wa 2023, kliniki inatakiwa kumtathmini au kumwelekeza mahali panapofaa anapowasiliana nayo mara ya kwanza, si kumwambia apige tena kesho. Akiambiwa apige kesho, ana haki ya kuomba ombi lake liandikwe sasa.